Rob Burrow wa Leeds: mfupi vile alidumuje kwenye raga miaka yote ile, na baada ya kustaafu ilikuwaje?

Mwalimu_wa_Meru

Habari zenu wakuu. Nina swali kwa wanaofuatilia raga, hasa hii ya kaskazini ya Uingereza inayoitwa rugby league. Mimi ni mwalimu wa michezo huku Arusha, jioni nafundisha watoto raga ya kawaida ya wachezaji 15. Juzi kijana mmoja kwenye kikosi akanionyesha klipu kwenye simu, jamaa anasukuma kiti cha magurudumu kwenye marathoni, wamebakiza hatua chache kabisa kumaliza anasimama, anainama, anamtoa mwenzake kwenye kiti anambeba mikononi na wanavuka mstari wote wawili. Aliyebebwa jina lake Rob Burrow, wanasema alikuwa staa wa Leeds Rhinos, na aliyembeba ndiye aliyekuwa kapteni wake.

Sasa huyo kijana aliyenionyesha ndiye mdogo kuliko wote kwenye timu, kimo hana, wenzake wanamwambia raga siyo yako nenda kacheze mpira. Akaniuliza, mwalimu, huyu naye alikuwa mfupi kama mimi? Nikamwambia nitamjibu nikishajua vizuri, sitaki kumpa majibu ya kubahatisha maana nimeona anaulizia jambo zito kwake.

Kwa hiyo wadau naomba mnisaidie. Kwanza huyu Burrow alikuwa na kimo gani hasa na alikuwa anachezaje kati ya yale majitu? Pili ilikuwaje akafika pale kwenye kiti, aliumia uwanjani au ni ugonjwa? Tatu, na hili ni langu mwenyewe kama mwalimu, hawa wachezaji wa kulipwa wa huo mchezo wakistaafu wanaishije, wanakuwa wamevuna kitu au ndio vile? Nisimulieni kwa kirefu tu, nitasoma yote.

---

RagaDamu254

Mwalimu hii stori naijua, nimecheza raga Nairobi miaka mingi na huyu jamaa nimemwangalia sana YouTube. Wacha nianze na uwanjani hayo mengine wenye wako huko watakuambia.

Burrow alikuwa na futi 5 na inchi 5, yaani mita 1.65 hivi. Kwa miaka mingi alikuwa anajulikana kama mchezaji mfupi kuliko wote kwenye Super League, ligi kuu ya huo mchezo, na anakutana na mafowadi wa kilo 100 na zaidi kila wiki. Alizaliwa Pontefract mwaka 1982, akacheza Leeds Rhinos tu maisha yake yote, kuanzia 2001 hadi 2017, hakuhama klabu hata siku moja. Ubingwa wa Super League alichukua mara 8. Ongeza Challenge Cup (kombe la mtoano) mbili, 2014 na 2015. Mechi za Leeds zinakaribia 500.

Sasa ili uelewe alifanyaje lazima ujue league si kama raga yetu. Wako 13 kila upande, hakuna ile ya kurusha mpira kutoka nje watu wakiinuliwa juu, hakuna kung'ang'ania mpira chini kwenye rundo la watu. Ukikabwa ukaanguka, unaachiwa unasimama, unauweka mpira chini na kuuviringisha kwa mguu nyuma, mwenzako anauokota mchezo unaendelea. Mna nafasi ya kukabwa mara sita, ya sita ikiisha mpira ni wa wale. Kwa hiyo kuna mtu anayekaa nyuma ya yule anayeviringisha mpira, na hapo ndipo Burrow alikuwa hatari, kwanza akianza kama hafubeki na jezi namba 7 halafu baadaye akacheza huka, yaani huyo anayeokota mpira uliyoviringishwa. Hebu fikiria, majitu yametoka kumwangusha mtu, bado yanainuka yanarudi nyuma mita kumi, yamechoka, halafu katoto kanaokota mpira chini na tayari kamepita.

Mwonyeshe huyo kijana fainali ya 2011, Old Trafford, Leeds na St Helens (kule bingwa anapatikana kwa fainali, si kwa msimamo wa ligi peke yake). Leeds ilimaliza ya tano kwenye ligi hakuna mtu aliwapea nafasi. Burrow anaingia kutoka benchi, anaokota mpira nyuma ya play-the-ball (ule mpira wa kuviringishwa kwa mguu), anainama chini ya mkono wa mtu (hapa urefu wake ndio ulimwokoa, mkono ule ungemkata mtu mrefu shingo), anapita katikati ya wawili watatu, anabaki na beki wa mwisho, anamyumbisha na kukimbia hadi chini ya nguzo. Leeds ikashinda 32 kwa 16 na yeye akapewa Harry Sunderland Trophy, zawadi ya mchezaji bora wa fainali, mara yake ya pili kwa sababu alikuwa ameshaipata 2007.

Kitu kimoja watu hawasemi. Si mbio peke yake. Alikuwa anakaba, kila mechi timu pinzani inamtafuta makusudi, inamtumia yule mnene wao amkimbilie yeye, na hakuwahi kujificha. Mwambie kijana aangalie hiyo pia asiangalie trai peke yake, yaani zile pointi za kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani.

---

BintiTanga_Leeds

Mwalimu asalaam aleikum. Mimi naishi Leeds, nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Nilipofika huku raga sikuijua kabisa lakini huwezi kuishi huu mji ukakosa kumjua Rob Burrow, hata kwenye ukuta wa jengo la wanafunzi wa Leeds Beckett kuna picha yake imechorwa kubwa inaonekana toka mbali. Nijibu hilo swali la pili maana nalijua kwa njia mbili, kama mkazi na kama mtu wa kazi hii.

Hakuumia uwanjani kaka. Alistaafu Oktoba 2017, tena siku ya fainali ambayo Leeds waliifunga Castleford 24 kwa 6, kaondoka bingwa. Akabaki klabuni anafundisha vijana. Miaka miwili tu ikapita, Desemba 2019, akiwa na umri wa miaka 37, akatangaza kwamba ana MND, ugonjwa ambao Wamarekani wanauita ALS. Dalili ilianzia kwenye maneno, ulimi ukawa mzito, watu wakawa wanadhani amekunywa wakati hajanywa. Ana watoto watatu, wa mwisho mwaka mmoja. Wakamwambia ana kama miaka miwili.

Huu ugonjwa, kwa wasioujua, unaua zile neva zinazobeba amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye misuli. Amri haifiki, misuli inakonda inalala. Mkono, mguu, ulimi, koo, mwisho misuli ya kupumulia. Na akili mara nyingi inabaki pale pale, mtu anakusikia anakuelewa anakumbuka kila kitu ila hawezi kukujibu. Dawa ya kuponya haipo. Ipo riluzole inayochelewesha kidogo, na ipo nyingine mpya lakini hiyo ni kwa wachache wenye kasoro ya jini moja tu. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wanafariki ndani ya miaka miwili tangu kugundulika. Burrow alikwenda miaka minne na nusu.

Nimehudumia wenye ugonjwa huu na kuna jambo nataka mlijue kwa sababu ndilo lililonifanya nimheshimu huyu mtu. Sauti ikishaondoka mgonjwa anatumia kompyuta inayosoma macho. Kuna skrini mbele yake na kamera chini yake, anakazia macho herufi au neno, linachaguliwa, sentensi ikikamilika mashine inaitamka. Watu wakiona kwenye TV wanafikiri ni rahisi. Ukimgeuza mto kidogo tu kamera imempoteza, unaanza kuirekebisha upya. Jua likiingia dirishani macho hayasomeki, ufunge pazia. Jicho likikauka au likitoa machozi herufi zinaruka. Jibu la maneno sita linaweza kumchukua muda mrefu sana, na wageni wengi hawana subira, wanauliza kisha wanajijibu wenyewe wanahamia mada nyingine wakati yule mtu yuko katikati ya neno la tatu. Inaumiza sana kuona hilo. Mkipata mgonjwa wa namna hii nyumbani kwenu nawaomba, uliza halafu nyamaza usubiri.

Burrow alifanya hivyo mbele ya nchi nzima. Mashine yake ilitengenezewa sauti yake mwenyewe ya lafudhi ya Yorkshire kwa kutumia rekodi za zamani za mahojiano. Desemba 2022 alisomea watoto hadithi ya kulala kwenye televisheni ya BBC kwa macho tu. Angeweza kujifungia ndani na hakuna mtu angemlaumu, ila yeye alifungua mlango kamera zikaingia, tukaona anavyolishwa na mkewe Lindsey, anavyobebwa ngazi, kila kitu. Lindsey alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali za serikali na aliendelea na kazi huku anamuuguza na kulea watoto watatu. Mimi ninayelipwa kufanya hii kazi kwa zamu najua uzito wake, yeye zamu yake haikuisha.

Sasa huyo aliyembeba. Kevin Sinfield, kapteni wao wa miaka mingi. Desemba 2020 alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 kwa sababu ya ile jezi namba 7, alikuwa anatafuta pauni 77,777 akapata zaidi ya milioni 2. Mwaka uliofuata akakimbia kutoka Leicester hadi Leeds, maili 101, yaani kilomita 162 hivi, ndani ya saa 24 usiku na mchana. Mwaka 2022 akatoka Edinburgh kwa miguu hadi Old Trafford siku saba, akaingia uwanjani wakati wa mapumziko ya fainali ya Kombe la Dunia la rugby league. Jumla yake yote imepita pauni milioni 10. Na hiyo klipu mliyoiona ni Mei 2023, marathoni ya Leeds yenye jina la Burrow, ile ya kwanza kabisa, imeishia uwanja wa Headingley walipokuwa wanacheza zamani. Lindsey naye alikimbia siku hiyohiyo.

Burrow alifariki tarehe 2 Juni 2024, miaka 41. Kesho yake asubuhi hapa Leeds, hospitali ya Seacroft, ndiyo ilikuwa ratiba ya kuanza kuchimba msingi wa kituo cha wagonjwa wa MND chenye jina lake, mradi wa pauni milioni 6.8 aliouchangishia yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti. Watu walidhani wataahirisha. Familia ikasema hapana, mwenyewe alitaka uanze, wakachimba. Wagonjwa wetu walikuwa wanazungushwa leo kliniki hii kesho ile, daktari wa kifua kule, mtu wa lishe huku, na mtu wa MND kumtoa nyumbani tu ni kazi ya nusu siku, kwa hiyo nyumba moja yenye huduma zote ni jambo kubwa mno.

Siku chache baadaye fainali ya Challenge Cup pale Wembley walisogeza saa ya kuanza ikawa 9 na dakika 7 alasiri kwa ajili ya namba yake. Mazishi yake yakafanyika tarehe 7 mwezi wa 7. Watu walijipanga barabarani toka Featherstone alipoanzia utotoni hadi Pontefract, wazee kwa watoto, na jezi za timu zote, hata za wale waliokuwa wanazomeana naye uwanjani.

---

Mwalimu_wa_Meru

Dada BintiTanga aleikum salaam, Mungu akulipe kwa kuandika yote hayo. Nimesoma mara mbili. Hilo la kuuliza kisha kunyamaza nitalibeba, nina ndugu amepata kiharusi hawezi kuongea vizuri na kweli sote tunamjibia.

RagaDamu asante sana, hiyo fainali ya 2011 tumeshaitafuta tumeiona, kijana ameirudia mpaka bando langu limekwisha. Bado swali la tatu wakuu, la maisha ya baadaye na pesa.

---

Mzalendo_wa_Ilala

Mkuu nikujibu hilo la tatu, mimi ni mpenzi wa historia ya michezo.

Kwanza ujue huu mchezo ulizaliwa kwa sababu ya pesa ya mtu maskini. Tarehe 29 Agosti 1895, pale George Hotel mji wa Huddersfield, klabu za kaskazini zilijitenga na chama cha raga. Ugomvi ulikuwa hivi, wachezaji wa kaskazini walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani, Jumamosi ni siku ya kazi, ukienda kucheza mechi unakatwa mshahara. Klabu zikasema tuwafidie ile siku. Wakubwa wa kusini, wengi watu wenye nafasi zao, wakasema hapana, mchezo ni wa ridhaa. Wakatengana. Kwa hiyo toka mwanzo rugby league ni mchezo wa mtu wa kibarua na bado uko hivyo, umejaa kwenye miji midogo ya Yorkshire na Lancashire ambayo migodi na viwanda vimeshafungwa.

Ila usifikirie pesa ya mpira wa miguu. Super League kuna kikomo cha mishahara ya kikosi kizima kwa mwaka, ni pauni milioni 2 na kidogo hivi ukiacha mastaa wachache wanaohesabiwa kwa utaratibu wao maalumu. Wagawie wachezaji ishirini na kitu. Kuna mastaa wa Premier League wanapata hizo wenyewe ndani ya miezi miwili. Kwa hiyo mchezaji wa kawaida wa Super League akistaafu na miaka 33 au 34 anatafuta kazi kama wewe na mimi. Wachache wanakuwa makocha, wachache wanaingia kuchambua kwenye TV, wengine wanakuwa mafundi, walimu, wazima moto, wauza magari. Huyo Sinfield mwenyewe aliingia kwenye ukocha, akahamia raga ya 15 hadi kufika timu ya taifa ya England.

Nikupe wawili wa kuwasimulia watoto wako maana wanatuhusu sisi Waafrika.

Billy Boston. Kazaliwa Cardiff 1934, baba yake alitoka Sierra Leone. Alikuwa anataka kucheza raga ya 15 kwao Wales lakini kwa rangi yake aliona mlango mgumu, akaenda Wigan, mji wa makaa, kwenye league. Akafunga trai 571 katika maisha yake yote ya uchezaji na 478 kati ya hizo ni za Wigan peke yake. Alipostaafu hakuwa tajiri, akaendesha baa karibu na uwanja wa Wigan, mashabiki waliokuwa wanamshangilia Jumamosi ndio akawa anawahudumia. Uzee ukamkuta na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2025, akiwa na miaka 90, ndipo Uingereza ikampa cheo cha Sir, na hapo alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa wa rugby league kupewa heshima hiyo. Mchezo una miaka 130! Wa mpira, kriketi, raga ya 15, riadha wamepewa miaka nenda rudi. Mimi hilo linanikera sana, yule mzee alipaswa kupewa wakati bado anakumbuka kila trai.

Wa pili Clive Sullivan, naye wa Cardiff, wazazi wa Jamaika. Mwaka 1972 akawa kapteni wa timu ya Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya mchezo mkubwa kule, na mwaka huohuo wakabeba Kombe la Dunia huko Lyon, Ufaransa. Fainali ilikuwa sare ya 10 kwa 10 na Australia, Uingereza ikabeba kwa kuwa ilikuwa juu kwenye msimamo, na moja ya trai za Uingereza aliifunga yeye kwa kukimbia karibu uwanja mzima. Alifariki kwa saratani 1985 akiwa na miaka 42. Mji wa Hull ulimpenda kwenye timu zote mbili hasimu, alichezea zote mbili, na barabara kuu ya kuingia mjini inaitwa kwa jina lake hadi leo. Klabu mbili zinazochukiana vile kukubaliana juu ya mtu mmoja, hiyo ni pensheni isiyolipwa benki ila mimi naiona kubwa.

---

Ngosha_wa_Magu

Samahani wakuu naomba kuuliza jambo. Burrow MND, huyo mzee Boston kumbukumbu zimepotea, na nimesikia kuna Mskoti mmoja mrefu wa raga naye alikufa kwa MND. Hizi si zile kugongana vichwa? Mwalimu kabla hujamwambia huyo mtoto acheze mimi ningelifikiria hilo kwanza, mimi nina mtoto wa umri huo.

---

Fizio_Likoni

Ndugu Ngosha swali lako ni la maana na lijibiwe kwa uangalifu. Mimi ni mtaalamu wa viungo, nafanya kazi na wachezaji hapa Pwani.

Huyo Mskoti ni Doddie Weir, raga ya 15, alifariki Novemba 2022. Yeye na Burrow walikuwa marafiki, alimtembelea mapema tu baada ya Burrow kupata majibu yake ili amwoneshe kwamba mtu anaweza kuishi nao.

Kuhusu vichwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa utafiti wa wachezaji 412 waliowahi kuchezea timu ya taifa ya Scotland, wakawalinganisha na wanaume wengine wa umri na maeneo yaleyale. Magonjwa ya kupoteza kumbukumbu yalikuwa mara mbili hivi kwa wachezaji, Parkinson mara tatu, na MND mara 15. Hiyo mara 15 ilitikisa watu. Lakini isomwe vizuri, MND ni ugonjwa adimu, kwa hiyo hata ukizidisha mara 15 wagonjwa wenyewe kwenye utafiti ule walikuwa wachache, na watafiti wenyewe walitahadharisha hapo. Tena ni raga ya 15 tena ni wa timu ya taifa, watu waliogongana miaka na miaka kwenye kiwango cha juu. Kwa Burrow hasa hakuna anayeweza kukuambia ni raga iliyomletea. Kuna wengi wanapata MND na hawajawahi kugusa mpira.

Ila kwa upande wa ubongo na kumbukumbu jambo liko wazi zaidi. Wachezaji wa zamani wa rugby league wameshitaki chama chao kwamba hawakulindwa. Mmoja aliyejitokeza hadharani ni Bobbie Goulding, aliyekuwa kapteni wa St Helens walipochukua ubingwa wa kwanza wa Super League mwaka 1996, akagundulika na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 49. Miaka 49! Wakati wao mtu aligongwa, akapoteza fahamu, akanusishwa dawa ya kumzindua na kurudishwa uwanjani. Leo mtu akionesha dalili anatolewa, anapimwa, akithibitika haruhusiwi kurudi siku ile na anakaa nje siku kadhaa kabla ya kugusana tena.

Na mnisikilize vizuri hapa, tatizo si ule mgongano mkubwa mnaouona tu. Ni ile midogo mingi. Fowadi wa league anaweza kukaba mara 30 au 40 mechi moja, na mazoezini ndiyo zaidi. Ubongo unatikisika hata pale mtu asipoanguka. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwalimu: punguza kugongana mazoezini kadiri uwezavyo, kwa watoto siku moja kwa wiki na kwa dakika chache inatosha, zilizobaki fundisha pasi, miguu, mbio, raga ya kugusa kwa mkono. Na mtoto akigongwa kichwa akaanza kujisikia kizunguzungu, kichefuchefu, au anajibu vibaya swali rahisi kama leo siku gani, mechi imekwisha kwake. Usimwulize kama anajisikia poa maana wote watasema wako poa.

Kwa mzazi, sitakuambia umzuie wala umruhusu. Nakuambia nenda ukamwangalie kocha wake anavyofanya mtu akigongwa kichwa. Hapo utaamua vizuri.

---

BintiTanga_Leeds

Fizio umesema kweli tupu, na mimi nikuongezee Ngosha, watu huku wanabishana sana kuhusu hilo na kwenye familia moja utakuta baba anasema mwanangu hatacheza na mama anasema atacheza. Burrow mwenyewe hakuwahi kuulaumu mchezo. Lakini mimi naona hiyo isiwe sababu ya chama kukaa kimya, mtu anaweza kuupenda mchezo wake na bado chama kikawa na deni la kumlinda.

---

RagaDamu254

Naunga mkono Fizio. Mwalimu huyo kijana wako nimemfikiria sana tangu uandike. Mtoto mfupi kwenye raga hatari yake kubwa ni akikaba vibaya, kwa sababu akisimama wima kichwa chake kinakuwa usawa wa bega au kiwiko cha mwenye anakuja. Mfundishe kabla ya kitu kingine chochote kichwa kinakaa wapi. Kinaenda nyuma ya mwenye mpira, upande wa makalio, kisipite mbele yake hata kidogo. Bega liguse paja, mikono ifunge miguu yote miwili chini ya goti, akaze, asubiri mwenzake aanguke mwenyewe. Jitu la kilo 100 likifungwa miguu haliendi mahali. Anza na yeye akiwa amepiga magoti, mwenzake anatembea pole pole, hakuna kukimbia, wiki kadhaa. Macho wazi, kidevu juu.

Halafu kwenye kushambulia mweke nyuma ya rundo awe ndiye anaokota mpira, hata kwenye raga yetu ya 15 hiyo kazi ipo, namba 9. Mwambie aangalie Burrow vile anaangalia miguu ya wale wakabaji kabla ya kuokota, anatafuta yule bado hajasimama sawasawa, anakimbilia yeye.

---

Mwalimu_wa_Meru

Wakuu nashukuru mno, kila mmoja. Namba 9 ndiyo nitamjaribu Jumatano, na siku ya kugongana nimeshaipunguza kutoka tatu kwa wiki hadi moja. Ngosha nimekuelewa ndugu yangu, na mzazi wake nitamwita kwanza tuongee kabla ya mechi ya mwisho wa mwezi. Fizio naomba nikuulize kitu kimoja tu, hizo dalili za kichwa zinaweza kuchelewa kutokea hadi mtoto akifika nyumbani? Maana wengi wanatembea mbali baada ya mazoezi na wazazi hawajui cha kuangalia.

---

Fizio_Likoni

Zinaweza, saa kadhaa au hata kesho yake. Aliyegongwa asiondoke peke yake, mpe mtu mzima au mwenzake mkubwa wa kumfikisha, na mpigie mzazi umwambie kabisa. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikazidi kuuma, akachanganya maneno, akalegea upande mmoja au akawa mgumu kuamka, ni hospitali usiku uleule wasingoje asubuhi. Waandikie wazazi hayo kwenye karatasi nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi, wabandike ukutani.